Kopo Lililonona

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Bwana Sikio alikagua bidhaa zake. Hakuhitaji miwani wala daftari. Alisimama mbele ya rafu ya makopo, akachukua moja, akalisogeza kwenye sikio la kulia na kulitikisa mara mbili. Alifumba macho. Akaguna. Kisha akalirudisha mahali pake kwa heshima, kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani.

Jina la Sikio hakulipata bure. Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi wa redio. Redio mbovu ikiletwa kwake, hakuifungua kwanza. Aliigonga ubavuni, akatega sikio, akasema, "Hii ina waya uliokatika karibu na spika." Ikifunguliwa, kweli, waya umekatika karibu na spika. Baadaye watu wengi walianza kusikiliza redio katika simu zao, na kazi ikapungua. Yeye na mkewe wakageuza chumba cha mbele kuwa duka la vyakula. Ufundi aliuacha. Sikio hakuliacha.

Mkewe, kwa upande wake, alikuwa mtu wa macho. Alikuwa na miezi saba tangu aanze kwenda darasa la watu wazima, kila alasiri, na sasa hakuna maandishi yaliyopita mbele yake salama. Alisoma mifuko ya sabuni. Alisoma viberiti. Alisoma maneno yaliyoandikwa mgongoni mwa fulana za wateja, na mara nyingine aliwafuata hadi barabarani ili amalize sentensi.

"Ti-ki-sa ka-bla ya ku-tu-mi-a," alisoma siku moja kwenye chupa ya juisi. "Umeona, baba watoto? Inatakiwa kutikiswa."

"Kwani nani hajui kutikisa humu ndani?" Sikio alijibu kwa majivuno.

"Wewe unatikisa makopo. Juisi hukuitikisa hata siku moja. Ukawaambia wateja kiwanda kimetuuzia maji."

Sikio akajifanya anapanga viberiti.

Wiki chache nyuma, mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Bati la stoo lilikuwa na tundu ambalo Sikio alikuwa ameahidi kuliziba tangu mvua za mwaka uliotangulia. Maji yakaingia hadi kwenye maboksi ya makopo. Asubuhi walipofungua mlango wa stoo, lebo za karatasi zilikuwa zimebanduka na kuelea majini: samaki huku, njegere kule, nanasi moja limenata ukutani. Makopo yenyewe yalibaki uchi, yanang'aa, yote yanafanana kama vichwa vilivyonyolewa.

"Basi tena," mkewe alisema. "Tuyatenge. Hatuwezi kujua lipi ni lipi."

"Wewe huwezi," Sikio alimsahihisha. "Kopo halisomwi, mama watoto. Kopo husikilizwa."

Akakoroga gundi ya unga wa ngano katika sufuria. Akakaa kwenye kigoda. Akaanza kutikisa.

"Sikiliza hili. Linacheka. Hizo ni njegere. Hili linanong'ona, hayo ni maharage. Hili je? Kimya! Huyo ni samaki. Samaki hata akiwa ndani ya kopo hana la kusema."

"Na kama ni maziwa?"

"Maziwa huguna."

Hadi jioni makopo sitini na matatu yalikuwa yamevikwa lebo. Mengine yalivikwa nguo za wakubwa zao, na lebo ikazunguka mara moja na nusu. Mengine yalivikwa kichwa chini.

Siku zilizofuata, makopo matatu kati ya hayo yakaanza kubadilika. Vifuniko vyake viliinuka juu na chini, kama mito ya kulalia.

"Mbona haya yamevimba?" mkewe aliuliza.

"Hayajavimba. Yamenona. Kule kiwandani kuna mfanyakazi mwenye mkono wa ukarimu, kila akijaza anashindilia. Bei ile ile, chakula zaidi!"

Akayaweka mbele kabisa, akaandika kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi: YALIYONONA. Mkewe alisoma kibao hicho mara mbili. Alifurahi kwamba amekisoma bila kukata silabi. Hakufurahia kilichoandikwa.

"Chema chajiuza," alisema taratibu. "Kibaya ndicho huandikiwa kibao."

Sikio hakumsikia. Sikio lake, ajabu, lilikuwa zuri kwa makopo tu.

Kopo moja lililonona lilinunuliwa na kinyozi wa mtaa. La pili, Sikio alimpelekea mama mkwe wake kama zawadi. La tatu, lile lililonona kuliko yote, alilifungia kabatini.

Hapa lazima tuseme jambo kuhusu mama mkwe. Siku ya harusi, mbele ya watu, bibi huyo alisema, "Namtoa binti yangu kwa mtu anayeongea na masanduku." Watu walicheka. Sikio alicheka pia, lakini neno lile lilimchoma, na miaka yote hiyo halikuchomoka. Tangu duka lifunguliwe, mama mkwe hakuwahi kulitembelea. Sasa alikuwa ametuma habari: angekuja Alhamisi. Sikio alitaka mambo mawili tu siku hiyo. Mama mkwe aone duka, na ale chakula kizuri kuliko vyote, kutoka katika kopo bora kuliko yote. Pengine angelifuta lile neno.

Jumatatu ya wiki hiyo, jirani yao mshonaji aliingia dukani na bakuli mkononi. Hakusalimu.

"Bwana Sikio, hiki ni nini?"

Sikio akachungulia. "Samaki wa nyanya."

"Vizuri. Na hii lebo imeandikwaje?"

"Mananasi."

"Wageni wangu walikuwa mezani. Nimekata keki. Nikasema, ngojeni niwamwagie mananasi juu." Akainua bakuli. "Juu ya keki, Bwana Sikio!"

"Walikula?"

"Mmoja alikula kwa adabu. Wengine walikumbuka kwamba wameacha vyungu jikoni."

Sikio akashindwa kujizuia, akacheka. "Jirani, hebu niulize. Lile kopo ulilisikiliza kabla ya kulifungua?"

Mshonaji akaweka bakuli juu ya kaunta kwa kishindo. "Mimi nitakwenda kwenye ofisi ya viwango. Huko wapo watu wa kukusikiliza wewe!"

Alhamisi ikafika. Duka lilifagiliwa mara mbili. Mama mkwe aliingia saa tano asubuhi, mwembamba, wima kama sindano, mkononi ana mkoba mkubwa mweusi.

"Karibu, mama! Shikamoo! Lete mkoba nikusaidie."

"Marahaba. Mkoba wangu haubebwi."

Akakaa kwenye kiti kando ya kaunta, akaupakata mkoba kama mtoto mchanga, akaanza kuangalia huku na huku. Mkewe Sikio alikuwa jikoni. Harufu ya wali ilikuwa imeshaanza kuja. Sikio alikuwa ndiyo kwanza anamweleza mkwewe habari za rafu, wakati mwanamke mmoja wa makamo alipoingia. Amevaa koti la bluu, ana begi begani na daftari gumu kwapani. Nyuma yake, mlangoni, alisimama mshonaji akiwa na tabasamu la mtu aliyekuja mapema kwenye mchezo.

"Habari za kazi. Mimi ni mkaguzi kutoka ofisi ya viwango. Kitambulisho changu hiki hapa. Kisome kwanza, tafadhali. Mtu yeyote anaweza kununua koti la bluu."

Sikio akakisoma. "Karibu sana, mama mkaguzi. Soda baridi?"

"Asante. Nikiwa kazini sinywi cha mwenye duka." Akaenda moja kwa moja kwenye makopo. Akachukua moja, akaliangalia kwa muda. "Bwana, huyu samaki kwenye picha amelala chali. Ni mgonjwa?"

"Gundi iliteleza."

"Gundi ya kiwanda?"

"Gundi ya... nyumbani."

Mama mkwe akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua.

Mkaguzi akachukua kopo la pili na kuligeuza chini. "Namba iliyogongwa kwenye kifuniko ni hii. Namba ya kwenye lebo ni hii nyingine. Hazifanani kabisa. Lebo hii ni ya kopo jingine. Nani aliyezibandika?"

Sikio angeweza kudanganya. Lakini mama mkwe alikuwa anamtazama, na mtu wa ufundi hukana kila kitu isipokuwa ufundi wake. Akavuta pumzi. "Ni mimi. Lebo zililowa na mvua. Lakini sikubahatisha, mama mkaguzi. Ninajua kilichomo kwa kusikia. Jaribu uone."

"Haya," mkaguzi akasema kwa utulivu. "Nichagulie matatu yasiyo na kutu wala kasoro. Tuyafungue hapa hapa."

Mshonaji akaingia ndani kabisa, ili asipitwe.

Sikio akalitikisa la kwanza. Akafumba macho. "Njegere. Nasikia zinavyocheka."

Likafunguliwa. Vipande vya nanasi.

"Nanasi lenyewe linacheka," mama mkwe alisema.

La pili, Sikio alilitikisa kwa muda mrefu zaidi. "Samaki. Kimya hiki ni cha samaki, siwezi kukosea."

Likafunguliwa. Maziwa mazito yakaanza kushuka polepole kwenye sahani, meupe, bila haraka, kana kwamba nayo yalitaka kila mtu aone.

"La tatu ni maharage!" Sikio akasema upesi.

Lilikuwa maharage.

"Mnaona!" Akaruka. "Mnaona! Nilisema!"

"Umepatia moja kati ya matatu," mkaguzi akasema. "Mganga wako akipatia ugonjwa mara moja katika tatu, utarudi kwake?"

Sikio akashuka kutoka kwenye furaha yake.

"Bwana, lebo si pambo," mkaguzi akaendelea. "Ni kitambulisho cha chakula. Inakwambia jina la chakula na uzito wake halisi. Inakwambia kimetengenezwa na nani, wapi, na kwa kutumia vitu gani. Inakwambia mwisho wa kutumika ni lini. Na ina namba ya toleo. Jirani yako ameniambia ulikuwa fundi wa redio, sivyo?"

"Miaka kumi na minane."

"Basi tuseme kiwanda kimegundua kosa. Redioni watangaze: wenye makopo ya toleo namba fulani, rudisheni, yana hatari. Tangazo utalisikia vizuri sana, sikio unalo. Lakini kopo lenyewe utalitambuaje, ikiwa namba ya kopo moja umeibandika kwenye jingine?"

"Na yule mgeni wangu," mshonaji akadakia. Safari hii hakuwa anacheka. "Mmoja wa wale walioacha vyungu jikoni. Yeye hali samaki kabisa. Akila, uso unavimba, pumzi inabana. Angeonja ile keki ingekuwaje?"

Sikio alimkumbuka jirani yake akiwa amesimama pale na bakuli, na yeye mwenyewe akimcheka.

"Sikujua," akasema.

"Ndiyo maana sheria inakataza mtu yeyote kubandika lebo kwa kukisia," mkaguzi akamwambia, akaandika kidogo. Kisha macho yake yakatua kwenye kile kibao cha boksi, kilichosimama peke yake juu ya rafu tupu. "YALIYONONA. Hayo yaliyonona yako wapi?"

Uso wa Sikio ukanawiri. Hatimaye habari njema! "Ah, hayo, mama mkaguzi, yalikuwa bora kuliko yote. Yamekwisha. La mwisho liko jikoni sasa hivi, mke wangu anamfungulia mama."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. "Yalinona vipi?"

"Juu na chini, kama mto wa kulalia."

"Ukilibonyeza?"

"Linabonyea, halafu linarudi. Tik! Sauti tamu sana."

"Kimbia."

"Unasemaje?"

"Kimbia, bwana! Lisifunguliwe!"

Sikio hakuwa amekimbia tangu ujana wake. Alikimbia. Ndala moja ilibaki kwenye kaunta na nyingine kwenye korido. Alipiga kikumbo ndoo, akaruka ufagio, akaingia jikoni na kumkuta mkewe amesimama mbele ya meza. Kisu kilikuwa kwenye mkono wa kulia, ncha yake juu ya kifuniko. Lakini mkono ulikuwa umetulia. Mkewe alikuwa ameinama, pua karibu iguse kopo, anasoma herufi ndogo kabisa zilizokuwa chini ya lebo.

"...u-si-tu-mi-e ko-po li-ki-wa li-me..."

Sikio akalikwapua.

"Ningoje nimalize!" mkewe akapiga kelele. Akamfuata, kopo likiwa mkononi mwa mumewe, yeye akilishika upande mmoja, akiendelea kusoma huku wanavutana. "Li-me-vi-mba! Limevimba! Baba watoto, wameandika! Usitumie kopo likiwa limevimba!"

Mara nyingi Sikio alikuwa amemtania mkewe kwamba akianza kusoma lebo asubuhi, chakula kitaiva jioni. Siku ile alishukuru kwa kila silabi.

Wakatoka hadi dukani, yeye peku, kopo mikononi, anahema. Mama mkwe akamwangalia kutoka juu hadi chini.

"Kumbe nimeitwa kula," akasema, "na chakula changu kimenyang'anywa mbele ya macho yangu. Siku ya harusi nilisema."

"Mama, amekunyang'anya kifo," mkaguzi akamwambia. Akatoa mfuko mzito wa plastiki, akalitia kopo ndani na kuufunga kwa uangalifu. "Kopo zima, ukilibonyeza juu, ni gumu na limetulia. Hili halijanona. Limejaa hewa. Vijidudu vimeingia, au havikufa kiwandani, na sasa vinaishi ndani, vinakula na kutoa hewa. Baadhi yao hutoa sumu. Sumu hiyo huioni, huinusi wala huionji. Kijiko kimoja kinaweza kumlaza mtu hospitali, au kumpeleka asikorudi."

"Tukilichemsha sana?" mshonaji akauliza.

"Usijaribu. Usifungue, usionje."

"Basi nimpe mbuzi wa jirani," Sikio akapendekeza kwa sauti ndogo.

"Mbuzi amekukosea nini?" mkaguzi akamwuliza. "Kopo lililovimba, linalovuja, lililoliwa na kutu hadi ndani, au lililobonyea kwenye maungio yake, haliuzwi, haligawiwi na halitupwi jalalani ambako mwingine ataliokota. Linatengwa, tunaitwa, linateketezwa. Haya, niambie. Yaliyonona yalikuwa mangapi?"

"Matatu."

"Moja hili. La pili?"

"Kwa kinyozi, hapo ng'ambo."

"La tatu?"

Sikio akamgeukia mama mkwe.

"La tatu... nilimpelekea mama. Zawadi. Sasa ni siku kumi na mbili."

"Mama!" mkewe akapiga yowe. "Ulilila?"

Mama mkwe aliuweka mkoba mweusi juu ya magoti, akafungua zipu, akatoa kitu kilichoviringishwa kwa taulo. Akakunjua taulo pole pole. Kopo lilikuwa limevimba hadi limekaribia kuwa mpira.

"Nililiweka juu ya kabati," akasema. "Kila asubuhi nikiamka, naona limeongezeka. Nikasema, mimi nimefuga kuku, nimefuga bata, nimelea watoto sita. Sijawahi kuona kitu kinachonenepa bila kula. Nikaja nalo nimrudishie mwenyewe."

"Na leo je?" Sikio akauliza, akijishika kifua. "Kama tungekuwekea lile jingine mezani?"

"Nilishajiandaa kusema nimefunga."

Mshonaji akaangua kicheko, mkaguzi naye akashindwa kujizuia. Mkewe Sikio alicheka huku analia. Sikio peke yake hakucheka. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mkwewe.

"Mama, nilitaka kukupa kilicho bora. Nikakaribia kukuua."

"Najua ulitaka kunipa kilicho bora," mama mkwe alisema. "Ndiyo maana nililileta kwenye mkoba, sikulirusha kichwani mwako. Inuka. Nenda kwa kinyozi."

Alikwenda na mkaguzi, bado peku. Kinyozi alikuwa amelipandisha kopo juu ya kioo, juu kabisa ya kiti cha wateja, kama kombe la ushindi. "Hili siwezi kulila, ni zuri mno," alieleza. Mteja aliyekuwa amekaa chini yake, nusu ya kichwa kimenyolewa, alisikia maneno ya mkaguzi na akatoka na nusu hiyo hiyo.

Waliporudi, mkaguzi aliyahesabu makopo yote yaliyobandikwa upya, akayafunga katika maboksi na kuyatia mhuri, pamoja na rafu yenyewe. Kisha akaandika hati, akaisoma kwa sauti. Sehemu ya makopo imefungwa kwa siku kumi na nne. Stoo irekebishwe. Makopo yote yaliyouzwa baada ya mvua yatafutwe na kurudishwa. Asipotimiza, leseni ya duka itafutwa.

"Mama mkaguzi," Sikio akasema, "duka hili ndilo linalotuvisha na kutusomeshea watoto."

"Najua. Sheria haikutungwa ili ikufilisi. Imetungwa ili mtu afungue kopo bila kusali kwanza. Tunakagua kiwanda, tunakagua mwenye kuingiza bidhaa kutoka nje, tunakagua na wewe. Ninyi wenye maduka ndio mlango wa mwisho. Wewe ukilala, sisi wote tumekesha bure." Akamgeukia mkewe. "Na wewe, mama, endelea na darasa."

Siku hiyo hiyo Sikio alipanda juu ya bati, akaliziba tundu. Kesho yake aliinua rafu za stoo zisiguse sakafu. Lakini makopo yaliyokwisha kuuzwa? Hakukumbuka wanunuzi wote. Ndipo alipoliburura sanduku lake la ufundi kutoka chini ya kitanda. Akatengeneza kipaza sauti cha zamani, akakifunga kwenye baiskeli, akapita mtaa kwa mtaa.

"Tangazo! Tangazo! Aliyenunua kopo dukani kwa Sikio baada ya mvua, asilile! Alirudishe, atapata fedha yake! Kosa ni langu! Narudia, kosa ni langu!"

"Utarudia mara ngapi?" mkewe alimwuliza alipopita nyumbani.

"Hadi lirudi la mwisho."

Watu walileta makopo, na hadithi juu yake. Mmoja alitaka kumpa mtoto njegere akampa maharage, mwingine alitia maziwa kwenye supu. Sikio aliomba radhi kwa kila mmoja. Kwa mshonaji aliomba radhi mara mbili, na akamnunulia keki.

Siku ya kumi na nne mkaguzi alirudi. Alimulika stoo kwa tochi, akapapasa kuta, zilikuwa kavu. Akachukua makopo mapya, moja moja, akalinganisha namba za vifuniko na za lebo. Ukutani, mahali pa kile kibao cha zamani, mkewe Sikio alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe, herufi zimesimama kama wanafunzi kwenye mstari: SOMA LEBO. BONYEZA KOPO. LIKIVIMBA, LIKIVUJA AU LIKIWA NA KUTU, TUAMBIE.

"Nani aliandika?"

"Mimi," mkewe akasema. "Sikukosea hata herufi moja."

Mkaguzi akakata mhuri wa rafu, makopo yakaruhusiwa kuuzwa tena.

Mteja wa kwanza aliyeingia alikuwa mwembamba, wima kama sindano.

"Nataka kopo la samaki," mama mkwe alisema. "Lakini silipi kabla hujanisomea."

Sikio akavaa miwani. Ilikuwa mipya, bado inamteleza puani. Akasoma yote: jina, uzito, viambato, kiwanda, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, namba ya toleo. Akasoma hata herufi ndogo za chini. Kisha akalibonyeza kopo kwenye kifuniko mbele ya macho ya mkwewe. Lilikuwa gumu, halikutoa sauti.

Mama mkwe akalipokea. Badala ya kulitia mkobani, akalisogeza kwenye sikio la kulia na kulitikisa mara mbili. Akafumba macho. Akaguna.

"Unasikia nini, mama?" Sikio akauliza kwa wasiwasi.

"Samaki."

Akafungua zipu ya mkoba mweusi, akalitia kopo ndani. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi. Alimpa Sikio mkoba wake aubebe.